Zamu na Lita

Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na safu saba: namba, jina, jinsia, taasisi, cheo, simu na sahihi. Niliichapa mwenyewe usiku uliotangulia, na asubuhi nikaketi nayo mlangoni mwa ukumbi wa ofisi ya kata, kwenye tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, kusubiri wadau wa maji. Kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa kikao cha siku mbili. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilihitaji posho.

Mzee mmoja aliyeteremka na daladala kutoka mlimani alifika mapema kuliko wote. Nilimwamkia, akaitikia, akashika kalamu. Aliandika jina lake polepole, kwa mwandiko wa watu waliofundishwa kuandika ubaoni. Alipofika safu ya nne alisimama.

"Hapa kwenye taasisi niandike nini, mwanangu?"

"Andika mkulima tu, mzee."

"Mkulima si taasisi," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mwalimu anayesahihisha hesabu. Akafikiri kidogo, kisha akaandika jina la mfongo wao.

Baadaye, mwezeshaji alipokuwa akieleza jinsi kibali cha kutumia maji kinavyotaja kiasi ambacho mtu anaruhusiwa kuchukua, yaani lita kadhaa kwa sekunde, mzee yule alinyoosha mkono. "Mto ukipungua," akauliza, "hizo lita zilizoandikwa kwenye karatasi nazo zinapungua?" Mwezeshaji alilisifu swali, akaliandika pembeni mwa bango kitita, akasema tutalirudia. Hatukulirudia.

Jioni ile, nilipokuwa nahamishia orodha kwenye kompyuta, niliona kwamba fomu ilikuwa na taasisi za kuchagua, na mfongo haukuwamo. Nikafuta nilichokiona kwenye karatasi, nikachagua "mkulima". Kwenye muhtasari nikaandika kwamba wadau walielimishwa kuhusu umuhimu wa vibali na wakakubaliana kuviomba kwa wakati. Hakuna aliyenilazimisha kuandika hivyo. Ndivyo mihtasari inavyoandikwa.

Makala hii ni jaribio langu la kulijibu swali la yule mzee. Nimechelewa kulijibu, na nimelazimika kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

*

Kwanza mto wenyewe. Pangani ni mto wenye wazazi wawili. Kikuletwa hukusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Ruvu, ambao si ule wa mkoa wa Pwani, hutoka upande wa mashariki, ukipitia Ziwa Jipe ambalo tunagawana na Kenya. Mito hii miwili hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Pangani hushuka kusini ukiambaa na nyika, hupita kwenye kinamasi cha Kirua, hupokea Mkomazi na Luengera kutoka Pare na Usambara, huangukia kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kwenye mji mkongwe wa Pangani. Ni safari ya takriban kilomita 500.

Katika safari hiyo maji yale yale huombwa na mgomba wa Mchagga, nyanya za Mmeru na maua ya mashamba makubwa ya Arusha. Huombwa na miji ya Arusha na Moshi, miwa ya Arusha Chini, mpunga wa tambarare, ng'ombe wa Simanjiro, wavuvi wa bwawani, mashine za umeme, na minazi ya watu wa pwani ambao wengi wao hawajawahi kuuona mlima unaowaletea maji. Tunapozungumzia kushirikisha wadau, hao ndio tunaotaka wakae chumba kimoja.

*

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kihamba upande wa Old Moshi, na mfongo ulipita nyuma ya zizi lake. Nilipokuwa mtoto maji yalikuwa bado yanakuja kwa zamu, na siku ya zamu watoto wote tulijua, kwa sababu hakuna aliyeturuhusu kuchezea pale. Leo ni mtaro mkavu uliojaa majani ya migomba. Sikuwahi kumwuliza babu nani aliuchimba. Hilo nimelitafuta vitabuni baada ya yeye kuondoka.

Mifongo ni mifereji ya Wachagga. Inaanzia juu kwenye makorongo, pale mto unapozibwa kidogo kwa mawe, udongo na mashina ya migomba, kisha maji yanaongozwa kufuata mteremko mdogo mno hadi yatokee juu ya mgongo wa kilima ambako watu wanaishi. Penye bonde yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Mingine ina bwawa dogo, nduwa, linalojaa usiku ili asubuhi maji yawe na nguvu ya kufika mbali. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884 katika himaya ya Mangi Mandara, aliikuta mifereji hii ikifanya kazi na akaiandika katika kitabu chake. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi miaka mingi Old Moshi, alichapisha mwaka 1926 kitabu kizima kuhusu sheria za Wachagga.

Ukisoma maandishi hayo na utafiti uliofuata, jambo moja linajirudia. Haki ya maji ilitokana na jasho. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na neno la kwanza, na mzee wa mfongo, meni mfongo kwa Kichagga, alitoka humo. Mwingine yeyote aliyetaka maji alijiunga kwa kufanya kazi: kuzibua, kukarabati banio baada ya mafuriko, kutoa matope. Aliyekosa siku ya kazi alitozwa faini, mara nyingi mbege ambayo wenzake waliinywa mbele yake. Maji yenyewe yaligawanywa kwa zamu. Leo ni siku ya huyu, kesho ya yule, na katikati ya kiangazi wazee walikaa upya na kupanga zamu upya.

Kusini zaidi, Wapare walikuwa na jambo la jamii hiyo. Ndiva zao ni mabwawa ya udongo yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mlango hufunguliwa, na maji ya usiku ule, yawe mengi au kidogo, hugawanywa kwa waliomo kwenye zamu.

Neno zamu lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Anayepewa zamu anapewa muda, bila kuahidiwa kiasi. Kilichomo mtoni siku ile ndicho chake. Mto ukijaa, wote wanashiba, na mto ukikauka, wote wanaonja njaa kwa mpangilio uleule.

*

Serikali ilipokuja ilileta kipimo kingine. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria ya kwanza ya maji ya Tanganyika, na sheria ya mwaka 1948 ikatamka kwamba maji yote ya nchi yako mikononi mwa Gavana. Kwa wakati huo miteremko ya chini ilikuwa na mashamba ya walowezi, na kule Arusha Chini kampuni ya Kidenmark ilikuwa imeanzisha kilimo cha miwa tangu miaka ya 1930. Walio chini walitaka uhakika. Walio juu walikuwa na mifongo.

Mwaka 1935 wataalamu wawili, Teale na Gillman, walitoa ripoti kuhusu udhibiti sahihi wa maji na upangaji upya wa bodi za maji katika Jimbo la Kaskazini. Nilipoiona mara ya kwanza, kilichonishtua ni jina lake. Nilikuwa nimeamini kwamba bodi za maji ni jambo la kizazi changu. Kumbe karibu miaka tisini iliyopita zilikuwa tayari zipo, na tayari zilikuwa zinahitaji kupangwa upya. Na udhibiti ulioitwa sahihi ulipimwa kwa macho ya mtu anayetazama mlima kutoka chini. Mfongo, ukiutazama kutoka chini, ni mfereji unaovuja. Mfugaji wa ng'ombe wa zizini, ukimtazama kutoka chini, ni mtu anayepoteza maji. Kwamba maji yanayovuja njiani yananywesha migomba na kurudi chemchemini si jambo linaloonekana ukiwa mbali.

Sitaki kumlaumu mtu aliyekufa zamani kwa kuandika alichokiona. Ninachosema ni kwamba ripoti ile ipo maktabani na inasomwa hadi leo, na meni mfongo wa mwaka 1935 hakuacha ripoti. Anayeandika muhtasari ndiye anayekumbukwa kuwa alikuwa na hoja.

*

Baada ya uhuru mtazamo wa kutoka chini haukuondoka. Ulipata sababu mpya, na safari hii ilikuwa sababu ya taifa zima. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 ili kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia wakati wa kiangazi. Sheria ya maji ya mwaka 1974 ikahamisha umiliki kutoka kwa Gavana kwenda kwa Jamhuri ya Muungano, na ikadai kila anayechepusha maji awe na haki iliyosajiliwa. Mlimani watu wengi mno waliendelea kuchepusha bila kusajili chochote. Hawakuona kwamba wanavunja sheria. Mfongo ulikuwa pale kabla ya sheria.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyobana. Kwa msaada wa nchi za Nordiki ulijengwa mtambo mpya wa Pangani wenye uwezo wa megawati 68, uliokamilika mwaka 1995. Mtambo wa thamani ile huwezi kuujenga halafu ukaacha maji yake kwenye bahati. Mwaka 1991 ilianzishwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ya kwanza nchini kati ya mabonde tisa, na mwaka 1994 zikaanza kutozwa ada za matumizi ya maji. Maofisa walipanda mlimani kuwaeleza wakulima kwamba maji wanayoyachukua yana mwenyewe, na kwamba kila ndoo inayochepushwa juu ni umeme unaopotea chini. Wengi wa waliokuwa wakielezwa hawakuwa na umeme majumbani mwao.

Hoja yao inasikika mlimani mpaka leo: maji ni ya Mungu na mfereji ni wetu, sasa tunalipia nini? Mara nyingi hoja hii huandikwa kwenye ripoti kama ukosefu wa elimu. Mimi naiona kama hoja ya kisheria, ya mtu anayetumia sheria nyingine. Katika sheria yake ada ilishalipwa, kwa jembe, na inalipwa upya kila mwaka siku ya kuzibua.

Tambarareni sheria ya karatasi nayo ilipata mtihani wake. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulikuwa na kila kitu: mabanio ya zege, mifereji iliyosakafiwa, mbegu za mpunga zenye mavuno makubwa, na haki ya maji kutoka serikalini. Mpunga ulistawi mno. Jirani wa juu yake, ambaye hakuwamo kwenye ramani ya mradi, aliuona mpunga ule, akajifunza kuulima, akachepusha maji kabla hayajafika kwenye zege. Hakuwa na haki ya karatasi, lakini alikuwa juu. Baada ya miaka michache sehemu ya mashamba ya mradi ilikosa maji. Wapangaji walikuwa wameshirikisha waliomo ndani ya mipaka ya mradi, na mto haukuijua mipaka hiyo.

*

Mwaka 1992 wataalamu wa maji wa dunia walikutana Dublin na kutoa kanuni nne. Moja ilisema maji yasimamiwe kwa kuwashirikisha watumiaji, wapangaji na watunga sera katika ngazi zote. Nyingine ilitambua nafasi kuu ya wanawake. Nyingine ikasema maji ni bidhaa yenye thamani ya kiuchumi. Kanuni hizo zimo ndani ya Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo imeweka ngazi kutoka bodi ya bonde hadi kamati za vidakio na jumuiya za watumia maji huko chini kabisa. Sheria hiyo inazitambua pia haki za kimila. Kwa maandishi, basi, mfongo umerudi mezani.

Neno lililobeba mabadiliko haya kwa Kiswahili ni mdau. Nalipenda neno hili kuliko lile la Kiingereza tulilokusudia kulitafsiri. Dau ni kile unachokiweka mezani kabla mchezo haujaanza, kitu ambacho ukishindwa unakipoteza. Mdau, kwa maana hiyo, ni mwenye kitu cha kupoteza, na kualikwa peke yake hakumfanyi mtu awe mdau. Nikirudi kwenye karatasi yangu ya mahudhurio naona nimepanga watu kwa taasisi na vyeo, wakati neno lenyewe liliuliza kila mmoja ameweka nini. Mwezeshaji, mimi na dereva tulikuwa na sahihi kama wengine. Mto ukikauka, sisi watatu tusingepoteza chochote.

*

Sasa nalijia swali la mzee.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mto una lita 100 kwa sekunde. Kuna vibali vitatu, cha juu lita 40, cha kati 30, cha chini 30. Mwaka wa mvua nzuri kila mtu ana furaha, na ofisi ina daftari safi. Kisha mto unashuka hadi lita 50. Wa juu anachukua 40 zake kihalali. Wa kati anapata 10. Wa chini anapata kibali. Kwa mpango wa zamu, siku za kila mmoja zinabaki zilezile, ila kila mmoja anakuta nusu ya maji. Hakuna anayehitaji kumwita ofisa ili aje kupunguza. Mto wenyewe umepunguza.

Ni kweli sheria inaruhusu vibali kupunguzwa wakati wa ukame. Kwa hiyo jibu la kisheria kwa mzee ni ndiyo, zinaweza kupungua. Lakini mifereji mingi haina kipimo, na mwenye uwezo wa kupunguza yuko ofisini mjini, wakati mahindi yanasubiri wiki moja tu kabla hayajafa. Jibu la vitendo ni kwamba karatasi hubaki na lita zake, na anayepungukiwa ni aliye mwisho wa mfereji.

Kama hali ya hewa ingekuwa ileile ya zamani, kasoro hii ingevumilika. Kibali cha lita kinadhani mto una wastani, na kwamba kesho itafanana na jana. Mabadiliko ya tabianchi yanavunja dhana hiyo hasa. Mtu wa kwanza kumkumbuka hapa ni barafu ya Kibo, ambayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake tangu ilipopimwa mwaka 1912. Lakini barafu inatuvutia macho kuliko inavyotunywesha. Karibu maji yote ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa misitu, na watafiti wa mlima huo wameonya kwamba moto unaokula msitu wa juu, katika miaka inayozidi kuwa mikavu, unagharimu maji mengi kuliko barafu inayoyeyuka. Huku chini tunaijua hali hiyo kwa majina ya miaka: mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, ukame wa 2005 hadi 2006 ulioingiza nchi nzima kwenye mgao wa umeme, ukame wa 2021 hadi 2022 ulioua mifugo mingi Simanjiro. Mto wa namna hii hauna wastani wa kuandikwa kwenye kibali.

Kwa hiyo naamini mzee hakuwa anauliza swali la mtu asiyeelewa. Aliuona udhaifu wa mpango mzima kabla ya chai ya saa nne, kwa sababu alitoka kwenye taasisi iliyoundwa ili kuishi na mto unaobadilika.

*

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu mjukuu wa kihamba anaweza kusifu mfongo hadi akasahau uliowaacha nje. Kwa desturi za zamani wanawake hawakutakiwa kwenye kazi za mfongo wala kwenye banio, ingawa wao ndio waliobeba maji kwenda jikoni. Mgeni asiye na ukoo alisubiri mwisho. Mangi mwenye nguvu aliweza kuelekeza maji kwake. Na mfongo, kwa hekima yake yote, ulijua haki ya watu wanaoonana. Haukuwahi kumfikiria mtu wa Pangani, mamia ya kilomita chini, ambako maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni kadiri mto unavyokosa nguvu ya kuyasukuma. Mkulima wa huko anayeona minazi na mpunga vikiharibika hawezi kuja siku ya kuzibua ili apate zamu. Hata wavuvi wa Kirua, ambao mafuriko yao yalipunguzwa na bwawa, hawana banio la kukarabati. Dau wameliweka, lakini hakuna mlango wao.

Hao ndio sababu ya kuwa na bodi, na ofisi, na sheria. Kuna haki ambazo jirani hawezi kuziona na ambazo ni serikali tu inayoweza kuzisimamia: kwamba maji fulani lazima yaachwe mtoni yafike baharini, kwamba mfugaji asiye na mfereji ana mahali pa kunyweshea, kwamba Kenya na Tanzania zinazungumza kuhusu Jipe kabla halijajaa matope na magugu. Kosa tulilolifanya kwa miaka mia moja ni kutumia serikali kwa kazi ambayo jirani anaiweza, na kumwachia jirani kazi ambayo ni serikali tu inayoiweza.

Kama ningeulizwa tena kwenye ukumbi ule, ningesema kibali kitolewe kwa jumuiya nzima ya mto, kitaje sehemu ya mto badala ya lita, na zamu za ndani ziachwe kwa wanaozijua, kwa sharti kwamba wanawake wamo kwenye kupanga na kwamba sehemu ya mto ya watu wa chini kabisa inatolewa kwanza, kabla ya zamu ya kwanza. Haya hayatazuia ukame. Yatafanya upungufu ugawanywe, badala ya kumwangukia mtu mmoja wa mwisho kila mwaka.

*

Miezi michache baada ya kikao niliwaandikia walioniajiri nikiomba kurekebisha muhtasari. Walinijibu kwa adabu kwamba taarifa ilikuwa imeshawasilishwa, na kwamba marekebisho yangu hayabadilishi maazimio. Nadhani ni kweli. Lakini najua mahali mihtasari inakoishia. Inakaa kwenye faili, faili linakaa kwenye ghala, na baada ya miaka tisini anakuja mwanafunzi anayetafuta kujua watu wa Kilimanjaro walisema nini maji yalipoanza kupungua. Atakuta maneno yangu: walielimishwa, wakakubaliana.

Basi nayaweka marekebisho hapa. Katika orodha ya waliohudhuria, mtu wa kwanza alitoka kwenye mfongo, na alitaka uandikwe kuwa taasisi yake. Katika majadiliano, aliuliza kama lita zilizoandikwa kwenye kibali zinapungua mto unapopungua. Swali hilo halikujibiwa. Hatukukubaliana.